Selina Chebet Hakubahatika

Jana asubuhi nilipigiwa simu kutoka Lanet nikaambiwa Selina Chebet ameenda. Nikamwambia binti yake arudi chumbani akaangalie tena vizuri. Bado sijaamini, na sina haraka ya kuamini.

Mimi ni Rasoa, rafiki yake. Nina miaka themanini na minane na ninaandika hii post mwenyewe kwa kidole kimoja, kwa hivyo anayeona ni ndefu apite.

Wengi wenu mnamjua kama Sister Chebet aliyewazalisha mama zenu. Mimi nataka mumjue kabla ya uniform.

Miaka ya hamsini tulikuwa wasichana wawili tukifanya kazi kwa zahanati moja ya misheni kule kaskazini, mbele ya Kapedo. Yeye alikuwa Mtugen wa Baringo, anafunga vidonda. Mimi ni mtoto wa mfanyakazi wa reli, nimezaliwa Nakuru, nafua mashuka.

Barua ya hospitali ya kumwita mafunzo ya nursing ilimfikia imechelewa. Ilikuwa Jumatatu, na alitakiwa kureport Nakuru Ijumaa asubuhi, la sivyo nafasi yake apewe mwingine. Lori la misheni, gari pekee la kututoa huko, lilikuwa linakuja baada ya wiki mbili.

Sister mkubwa wa misheni alimwambia aombe Mungu na angoje mwaka ujao. Chebet akamjibu kwa heshima zote kwamba ataomba akitembea.

Nikaamua kwenda naye. Si ushujaa. Nilikuwa nimechoka kufua, na nilijua akienda peke yake sitapata usingizi.

Kulikuwa na njia ya wachuuzi wa mbuzi, kutoka huko juu hadi Loruk, penye lori za kwenda Nakuru. Ni jangwa tupu, mawe meusi na miiba. Mchana jua lingetumaliza, kwa hivyo tulijificha kwenye kivuli na kutembea usiku, yeye mbele, mimi nyuma nimeshika ncha ya shuka lake.

Alitembea kama mtu aliyetumwa dukani. Mimi nililia usiku wote wa kwanza, miguu imevimba, naye hakunibembeleza hata mara moja. Alisema tu kwamba hata kulia mtu anaweza kulia akitembea.

Sasa, watu wa kwao wakipumzika usiku safarini, hulaza fimbo chini, ncha ikielekea wanakoenda. Ukiamka gizani hujui mbele wala nyuma, lakini fimbo inakuonyesha. Babake alimfundisha hivyo akipeleka mbuzi sokoni. Hakuniambia, kwa sababu kwake hilo ni jambo kila mtu analijua.

Usiku wa tatu tulipumzika kidogo. Niliamka kabla yake, nikaona fimbo yake imelala ovyo njiani. Kwetu kwa kota za reli, na hata kwa ward, kitu hakiachwi chini watu wakajikwaa. Nikaiokota, nikaiegemeza vizuri kwa mti, nikarudi kulala.

Tulipoamka mawingu yalikuwa yamefunika nyota zote. Chebet akawa anapapasa chini. Nikamwambia kwa furaha kwamba nimemwekea fimbo mahali pazuri.

Aliacha kupapasa. Halafu akasema, "Rasoa, umetupoteza. Keti chini."

Tuliketi mpaka jua likachomoza. Maji yalikuwa nusu kibuyu. Tukatembea mchana ule mzima kwenye moto, na kila tulipokunywa alinipa mimi kwanza. Sikustahili. Tulifika Loruk jioni ya Alhamisi, lori la asubuhi limeshaenda zamani, na lililofuata lilitufikisha Nakuru Ijumaa usiku.

Jumamosi metroni wa hospitali alimuuliza kwa nini amechelewa. Nilifungua mdomo niseme ukweli. Chebet akanikanyaga mguu, akasema ni mawingu.

Mumewe alikufa akijua ni mawingu. Watoto wake wanajua ni mawingu. Hapana, ni mimi. Na kila mtu hapo mtaani Section 58 aliyewahi kunisifu kwa kumsindikiza, chukua sifa zako urudi nazo.

Metroni alisema class imejaa, aje mwaka ujao. Chebet akasema, "Asante, Metroni." Nikadhani ameshindwa.

Kesho yake, shift ikibadilika, aliingia ward ya wanawake, akachukua bedpan ya kwanza ya choo cha wagonjwa, akaiosha. Hakuna aliyemtuma. Saa nne akafukuzwa. Siku iliyofuata akarudi. Askari wa geti alipomzuia, akapitia upande wa jikoni. Usiku tulilala kitanda kimoja kwetu kwa kota, mamangu akimwambia atashikwa na polisi, naye akiitikia "ndiyo mama" na kuomba aamshwe mapema.

Siku ya kumi na moja metroni alimkuta akimlisha mama mmoja aliyekuwa amekataa chakula cha kila nurse. Alisimama mlangoni mpaka sahani ikaisha. Kisha akamuuliza anavaa uniform size gani.

Leo kamati ya mazishi imetuma draft ya eulogy, yaani wasifu wake, kwa group. Imeandikwa kwamba Selina "alibahatika kupata nafasi" ya masomo. Futeni hiyo. Hakuna aliyempa kitu. Msipofuta nitasimama siku ya mazishi niseme mwenyewe, na mnajua nikishika microphone siachii.

Na wewe Chebet, nimekukasirikia. Miaka karibu sabini hujawahi kuanza safari bila kuniambia. Najua ungesema nilie nikitembea, lakini magoti yamekataa, kwa hivyo leo ninalia nimekaa.

Lala sasa, dada yangu. Na kama huko wanakwambia pamejaa, usibishane nao. Pitia jikoni.