Kikombe cha Mtani

Shule niliiacha darasa la sita, pale Igawa, kwa sababu malori yalikuwa yanapita na mimi nilitaka kujua yanakoishia. Moja lilinifikisha ng'ambo ya ziwa, kwenye nchi iliyokuwa vitani. Wanajeshi wakanikuta sina kitambulisho, wakaniita jasusi, wakanifungia kwenye gereza lao.

Zamani lilikuwa ghala la kahawa. Tulilala kwa ubavu. Mmoja akigeuka, mstari mzima unageuka. Choo ni ndoo moja. Maji ni kikombe kimoja kwa mtu, kila asubuhi.

Humo nilikutana na fundi baiskeli wa Mlandege, Iringa. Yeye Mhehe, mimi Mngoni. Makabila yetu ni watani: tunatukanana bila kukasirika, na mmoja akifa, mtani ndiye anayeshughulikia maziko huku akimcheka.

"We mla mbwa," nikamwambia, kama Wahehe wanavyotaniwa, "hata huku umenifuata?"

"Nimefuata harufu ya panya wako, mtani," akajibu, maana sisi Wangoni tunataniwa kwa kula panya.

Wiki ya tatu akaanza kuharisha. Hakuweza tena kukaa. Nilikuwa namwinua kichwa anywe kikombe chake, maana bila kile asingefika jioni. Asubuhi moja, askari wa maji alipotufikia, nikataka mgonjwa wangu acheke kidogo. Nikasema kama tunavyosema nyumbani: "Afande, huyu amekufa tangu jana. Maji yake nipe mimi, nikamzikie."

Mhehe alitabasamu. Askari hakutabasamu, kwao utani wa namna hiyo haupo. Akaita wenzake, wakamshika miguu.

"Afande, ni mtani wangu! Mzima huyu, mwangalie macho!"

"Si umesema mwenyewe amekufa?"

Wakamburuta hadi chumba cha nyuma, walikowekwa wasioweza kusimama. Kule maji hayakupelekwa. Kati yetu palikuwa na ukuta wa mabati. Nililowesha kipande cha shati kwa maji yangu, nikakipenyeza chini ya bati. Kikavutwa. Nikamtukana yeye, ukoo wake na mbwa wao wote.

"Nyamaza, Mngoni," akasema kwa shida. "Watu tumelala."

Kesho yake nilipenyeza kipande kingine. Hakikuvutwa. Nikamtukana mpaka sauti ikakauka. Nikawaomba askari waniache nimchimbie kaburi, wakanifukuza kwa kitako cha bunduki.

Walimtoa kwa mkokoteni, mimi nikiwa kwenye mstari wa maji. Zamu yangu ilipofika nilikinga kikombe, nikanywa chote.