Pini Iliyotiwa na Jean-Luc

Redio mbovu watu walimpelekea Mama Rosalie wa Kataki, mtaa wa Kalemie, kwa imani. Mashine kubwa walimwitia wakiwa wamekwisha kukata tamaa. Alikuwa mtoto wa reli, aliyekulia miguuni pa baba aliyetengeneza simu za stesheni, na dharau za mafundi wanaume alikuwa amezizoea ila hajazisamehe.

Asubuhi hiyo aliitwa kwenye kiwanda cha barafu cha Papa Toussaint, karibu na bandari. Mashine ilikuwa imekufa majuma mawili, akina mama sokoni wakitupa samaki waliooza. Mnunuzi wa vyuma kutoka Kigoma alikuwa amefika kuichukua, na meli yake ingeondoka mchana. Mashine ikienda, basi, barafu mjini imekwisha.

Ubongo wa mashine ulikuwa bodi ndogo za kompyuta, kila moja kama kiganja, zilizopangwa moja juu ya nyingine na kuundwa zivumilie unyevu na mitikisiko. Ile ya umeme iliungua. Rosalie alileta nyingine, yenye chapa ya kiwanda kingine, aliyoitoa kwenye mizani iliyotupwa ya kupimia saruji.

Jean-Luc, fundi wa kiwanda, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mama, hii ni ya fabrika ingine kabisa! Mimi nilijaribu ingine, ikakataa."

"Fabrika zilipatana, Papa Jean-Luc. Matundu ya skrubu, pini, vipimo, vyote njo vilevile."

Hakubahatisha. Kanuni za bodi hizo alikuwa amezichapisha kwa Kifaransa na kuzisoma miezi miwili mpaka karatasi zikachakaa, na sasa akazitandaza mbele ya Jean-Luc.

Matundu manne yalilingana vizuri, lakini bodi ya zamani iliyokaa juu ya hiyo mpya ikagoma kuzama. Mnunuzi akatoa spana. Jasho lilimtoka Rosalie, na hasira pia, maana alijua karatasi haisemi uongo. Akaacha kusukuma, akaigeuza bodi ya juu na kukagua pini moja moja. Moja ilimeta kuliko nyingine.

"Nani aliweka hii?"

"Ni mimi," Jean-Luc akajibu kwa fahari. "Pini moja ilipotea, nikalehemu ingine."

"Haikupotea! Pale wanapaacha wazi makusudi, na tundu lake wanaliziba, juu muntu asiingize bodi kinyume!"

Tusimwonee Jean-Luc. Fundi gani wa Kalemie ataona pengo aliache hivihivi? Kuziba ndiyo kazi aliyofunzwa.

Rosalie akaiyeyusha risasi ya kulehemu, akaing'oa pini. Bodi ikazama kwa kidole kimoja. Mashine ikakohoa, ikanguruma, na meli ilipopiga honi vipande vya kwanza vya barafu vilikuwa vikimwagika sakafuni. Mama Philomène, muuza samaki, alijipaka barafu usoni akipiga vigelegele. Rosalie alicheka na kulia kwa pamoja, wala hakujificha.

"Papa, rudia Kigoma," Toussaint alimwambia mnunuzi. "Mashine haiuzwe tena."

Jean-Luc alijifuta mikono kwa kitambaa. Kisha akatoa mfukoni ufunguo wa chumba cha mashine, akamkabidhi Rosalie kwa mikono miwili.

"Mama, zile karatasi utanifundisha?"

"Kesho saa mbili," alisema Rosalie. "Na usichelewe."