Mama mkwe ameyaokoa mahindi yangu

Jamani, leo mama mkwe kaniulia utafiti kwa huruma.

Mie nasomea vinasaba vya mahindi yanayostahimili maji kutuama. Hapa uani kwangu Goba nina ndoo za miche ya aina tofauti. Nilizijaza maji makusudi, nione aina ipi itakufa na ipi itahimili.

Leo narudi kutoka chuo, hakuna hata tone.

"Shikamoo mama. Maji yako wapi?"

"Marahaba mwanangu. Nimeyamwaga! Ulisahau mahindi yanazama. Na mbolea nimeyawekea."

Mbolea!

Mama wa watu anasubiri shukrani.

"Asante sana, mama."

Sasa nyie wenzangu, kesho profesa akiuliza aina gani imehimili, nimjibu zote?