Mchanga Haupendi Gurudumu Gumu

Juzi, hapa Bunia, nilimsikia fundi akitoa upepo kwenye gurudumu, na ile sauti ikanirudisha Kasenyi, kwenye vilima vya mchanga karibu na ziwa. Shangazi Roza alikuwa amenivalisha kofia yake ya pikipiki, iliyonukia jasho na mafuta ya mawese. Nilikuwa sijawahi kuendesha. Kisha akainama, akaanza kupunguza upepo kwenye magurudumu ya pikipiki yake.

“Shangazi, unaiharibisha ili nisiende?” nilimwuliza, machozi yakinilenga.

“Apana, mama. Muchanga haipendi gurudumu ya nguvu.”

Leo najua gurudumu laini halizami. Siku ile nilidhani mchanga unasikia maumivu. Basi nilipopanda nilienda polepole sana, nikiuomba msamaha kwa sauti, naye Shangazi akikimbia kando yangu, akicheka.