Maharagwe Yaliyolikwepa Jua

Kuna mchana mmoja wa jua kali ambao haujanitoka kichwani, mwanangu, na nikiukumbuka moyo hunidunda kama wa msichana. Ilikuwa miaka ya hamsini, Wabelgiji wangali wanatawala, nami nimerudi likizo kutoka sekondari, nyumbani kwetu Gisenyi. Baba alikuwa fundi cherehani. Sisi watu wa mjini, shamba tulilijua kwa kuonja tu! Lakini mwaka ule Mama Kanyange, mteja wake wa huko kijijini Kanama, alimwazima kipande cha ardhi kando ya shamba lake, akampa na mbegu za maharagwe. Kwa watu wa pale, kumpa mtu mbegu ni kumpa undugu.

Tatizo letu lilikuwa hili: tulikwenda Jumapili tu, cherehani ikipumzika, na lori lilitufikisha jua likiwa utosini. Jumapili hiyo tulikuta majani yote yamesimama wima, yameonyesha upande wa chini uliopauka, kama watu waliosusa.

"Haya yamekufa," Baba akasema. "Mbegu mbovu!"

Mama Kanyange, aliyekuwa akipalilia, akacheka. "Ayi we, Baba Zena! Haragwe iko hivi saa ya jua. Ngoja jioni utaona."

"Jioni lori limeshaondoka. Na wewe unanicheka, eh? Bon, basi. Nang'oa yote, na mbegu yako nitakurudishia."

Kicheko kikamkauka. Kurudisha mbegu, mwanangu, ni kutangaza kwamba undugu umekwisha. Baba akakunja mikono ya shati, akang'oa shina la kwanza.

Mimi nilikuwa na haya, usiniulize! Mbele ya wakubwa ulimi uliganda. Macho lakini hayakuganda. Nikaona mstari wa mwisho, ule ulio kwenye kivuli cha mgomba: majani yake yametandaa kama viganja. Shamba lile lile, mbegu ile ile! Nikagusa jani lililosimama. Bichi, gumu, halijanyauka hata kidogo.

Nikachukua mwavuli wa Baba, nikaufungua, nikauchomeka juu ya mashina matatu hivi.

"We Zena, mvua iko wapi?" Baba akaniuliza.

Sauti ikanitoka nyembamba. "Baba, tule kwanza. Halafu ung'oe."

Njaa ilinisaidia, alikubali. Tukala viazi bila mtu kumtazama mwenziwe. Baba akasali. Ndipo nikachungulia chini ya mwavuli, nikapiga ukelele, mimi yule yule mwenye haya! "Baba, njoo! Yameshuka! Yamefunguka!"

Baba akapiga magoti. Akatazama ndani ya kivuli, akatazama nje, akatazama ndani tena. Akauondoa mwavuli, tukakaa watatu tukingoja kama watoto wanaongojea maandazi. Na polepole, wallahi, yakaanza kuinuka tena.

"Mi nimezaliwa hapa," Mama Kanyange akanong'ona, "sijawahi kuyachungulia namna hii!"

Baba akafuta udongo mikononi. "Dada yangu, nisamehe. Nilikuja na hasira, na hasira hasara."

"Nimekusamehe. Ila ile moja uliyong'oa utaipanda we mwenyewe." Kisha akanigeukia. "Na wewe mutoto! Ulikuwa umeona, ukafunga mudomo. Kama baba yako asingesikia njaa, je?"

Nikaenda kumshikia Baba lile shina alipokuwa akilipanda upya. Swali lile ninalo hadi leo.

Sikiliza basi. Jani hula mwanga kama sisi tulavyo ugali, lakini mwanga ukizidi huliunguza. Kwa hiyo hugeuka, likalipa jua ukingo wake badala ya uso, na jua likipoa hujitandaza tena kula. Ukimwona mtu amejifunga, usiharakishe kusema ni mbovu. Labda umemkuta saa yake ya jua. Mtafute na asubuhi, mtafute na jioni. Nawe mwenye haya, kujikinga si aibu, ila usijikunje mpaka usiku. Neno linaloweza kuokoa undugu, liseme hata kwa sauti ya mbu.

Mungu akupe mwanga wa kukushibisha, akuepushe na ule wa kukuunguza, akuzungushie watu wenye subira ya kukungoja upoe. Amina, mwanangu.