Asmah Biira na Mpira Aliokataa Kuuachia

Asmah Biira binti Magidu. Magidu ndiye yule aliyevusha magunia ya kahawa mtoni, kwenye mpaka wa Mpondwe, miaka ishirini bila kulowesha hata moja. Naye Magidu ni mwana wa Kathembo, aliyepandisha mizigo ya wageni mlimani kutoka Ibanda, kamba ikiwa kwenye paji la uso. Asmah mwenyewe amevaa jezi ya taifa ya raga miaka saba, minne akiwa kapteni. Shingo za ukoo huo si za kuchezea.

Lakini jezi hiyo nusura aikose, na iliyomponza ni kazi ileile iliyompa nguvu.

Alikuwa mpagazi mpakani, akibeba unga na vitunguu pamoja na dada yake mkubwa, Rehemah. Mpagazi akijikwaa hutupa gunia mbali kwanza, la sivyo litamvunja shingo. Mwili wa Asmah ulijua hivyo tangu utotoni. Sasa kwenye raga ukiangushwa unaulaza mpira upande wa wenzako. Asmah alikuwa akiguswa tu, huyo anautupa! Wapinzani wanajiokotea na kwenda zao.

"Wewe! Mpira iko na miiba?" alifoka Okot, mwanajeshi mstaafu aliyekuwa kocha wa timu yake ya Kasese.

"Afande, mikono inaachia yenyewe."

"Basi ambia mikono: wachaguzi wa timu ya taifa wanakuja baada ya wiki sita. Ukitupa tena, rudi Mpondwe na vitunguu yako."

Asmah hakulia. Alirudi kwao Bwera, karibu na mpaka, akanunua mfuko wa unga wa muhogo wa kilo kumi, akaukumbatia kifuani.

"Dada, nisukume."

"Nikusukume? Una kichaa?"

"Nisukume, nikiachia nipige kofi."

Kila alfajiri, kabla lori la kwanza halijafunguliwa turubai, Rehemah alimwangusha nyuma ya ghala. Siku ya tatu mfuko ulipasuka, Asmah akainuka mweupe kama mzimu.

"Asmah, ugali hiyo iko ya nani, ya mchwa?" wapagazi wakamcheka. Akaenda kununua mfuko mwingine. Wanawake sita waliokuja kucheka wakabaki kusukuma, kwanza kwa mzaha, kisha kwa jasho.

Siku ya wachaguzi ikafika. Dakika za mwisho, Asmah alikuwa na mpira hatua tatu kutoka kwenye mstari wa goli. Mmoja akamshika kiuno, wa pili miguu, wa tatu akamlalia mgongoni. Vidole vikataka kufunguka. Akavikaza mpaka kucha zikauma, akajiburuta kwa kiwiko, akaulaza mpira juu ya mstari. Okot, ambaye hakuwahi kumsifu mtu, alivua kofia.

Barua ya kuitwa Kampala kwenye timu ya taifa ilipokuja, Asmah hakuanza kwa kufunga sanduku. Alimfuata Rehemah kwenye foleni ya magunia.

"Dada, wale sita wasitawanyike. Kesho wapeleke uwanja wa Nyakiyumbu, uanze kuwafundisha."

"Mimi? Mwenye watoto wanne na goti bovu?"

"Goti likae kando, mdomo ufanye kazi. Huo hauna ugonjwa."

"Mshenzi wewe!" Rehemah akacheka, kisha akaona mdogo wake hacheki.

"Timu ni watu kumi na watano, Dada. Una sita. Nikirudi Desemba nataka kuwakuta wote."