Haki ya Kila Shina

Kibanda cha pampu siku hizi kina kelele ya injini tu. Mwenye shamba la hoho huingia, akapima mbolea, akatoka, na masikio yake bado yanamsubiri mtu wa kupiga hesabu kwa sauti, kama anayembembeleza mtoto mkaidi.

Mtu huyo ni wifi yake, mke wa kaka yake, ambaye majirani wote walimwita Bi Gramu. Wengine hutupa mbolea kwa kiganja na kumwachia Mungu. Bi Gramu alihesabu mashina, akazidisha kwa haki ya kila shina, akagawa kwa majuma ya msimu. Mbolea inayopita kwenye mipira ya kumwagilia kwa matone, alisema, hunyweshwa kidogo kidogo kama uji wa mgonjwa.

"Kwa mkono huo wa bahili, wifi, kaka yangu anashiba kweli?"

"Uliza mshipi wake."

Halafu wakanuniana. Chanzo ni toroli lililorudishwa likiwa na matope, kila mmoja akiapa si yeye. Wakawa wanapishana kibandani kama wapangaji wasiojuana. Ndipo panya wakatafuna bomba la upande wa chini, na mwenye shamba akafunga koki ya upande huo. Hakumwambia wifi yake. Amwambie kwa mdomo gani, naye amenuna?

Kesho yake Bi Gramu akachanganya mbolea ya shamba zima. Ndoo ilipokwisha alivua viatu, akaenda kukanyaga mstari wa mwisho, asikie ubichi wa udongo kwa nyayo, kama desturi yake. Mwenye shamba alikuwa akipalilia huku anamtazama kwa pembe ya jicho. Akamwona ameganda, kisha anakuja mbio, viatu mkononi.

"Wifi! Utanuna kesho! Chini kukavu, mbolea yote imekwenda juu!"

Jembe likamponyoka. Hoho zile zilikuwa zao lake la kwanza tangu aachike, na kila shina la upande wa juu lilikuwa limekunywa haki ya mashina mawili. Mizizi ingeungua.

"Tufanyeje?"

"Maji matupu. Mengi. Tuizamishe mbolea ndani ya udongo, mizizi isiifikie."

Pampu ikanguruma mchana kutwa. Wao wakapindua toroli, wakalikalia.

"Toroli ni mimi," Bi Gramu akasema.

"Na koki ni mimi."

"Basi tumelingana. Sogea, umekalia nafasi ya watu wawili."

Majani yalikauka kingo tu, hoho zikazaa. Tangu hapo Bi Gramu hakugusa mbolea kabla ya kupaza sauti, "Koki zote wazi?" na kujibiwa, hata siku waliyonuniana tena.

Mwenye shamba bado huuliza hivyo kabla ya kupima, kisha huenda mwenyewe kuzishika moja moja.

Bi Gramu sasa anaishi mjini kwa binti yake, chumba cha chini nyuma ya duka la vyuma, kwa sababu ya goti lisilomruhusu tena kutembea mashambani.